Usifiche Miaka Yako ya Kuchunga Kondoo



Neno la leo lina wenyewe. Ni lako wewe uliyekuwa karani wa SACCO, muuguzi, mwalimu ama mtunza ghala, ukajiandikisha masomo ya jioni ukiwa tayari na watoto. Miaka minne umepanda matatu za usiku kwenye Thika Road, umesoma kwa mwanga wa simu stima ikipotea, ukavaa joho ukiwa na miaka 38, 41, 44, na watoto wako ndio waliokupiga picha. Shahada ya kompyuta unayo. Sasa unatafuta kazi ya kuandika programu. Kila tangazo linataka uzoefu wa miaka mitatu. Ukiitwa kwenye mahojiano, anayekuhoji ni rika la mpwa wako. Karo haingoji. Na mwenzako nyumbani ameanza kuuliza kwa upole, "Sasa hii digrii itatufaa lini?"

Hapa Membley mko wengi kuliko mnavyodhani. Kila mmoja anafikiri yuko peke yake kwa sababu hakuna anayetaka kusema. Usiku wa kesha mnaleta bahasha ya vyeti ili iombewe. Nitaendelea kuiombea. Lakini leo nina maoni, na nitayasema wazi. Wengi wenu mmeomba vya kutosha. Mmepungukiwa na maandalizi. Na ndani ya maandalizi hayo kuna kosa moja linalowagharimu kuliko yote: mnaificha ile miaka 15 ya kazi ya zamani kana kwamba ni aibu, kisha mnaenda kushindana na kijana wa miaka 23 kana kwamba nanyi mna miaka 23. Yeye anaweza kukesha na kompyuta hadi alfajiri na asubuhi awe mzima. Hana kodi ya nyumba ya vyumba vitatu. Huko hamtamshinda, na wala hamjaitwa kushindana naye huko.

Fungua 1 Samweli 17. Tumezoea kukimbilia jiwe na kuanguka kwa Goliathi. Leo soma mstari wa 20 hadi wa 40, kabla jiwe halijarushwa. Kabla ya vita kulikuwa na mahojiano ya kazi. Sauli alimwangalia Daudi akaona mtu asiye na uzoefu: huyu ni kijana tu, na yule amekuwa mtu wa vita tangu ujana wake. Daudi hakutaja hata siku moja ya jeshi. Je, aliomba ahurumiwe? Alisema atajifunza haraka? Hapana. Alieleza kazi ya kondoo. Simba alikuja, nikafanya hivi. Dubu alikuja, nikafanya hivi. Ile kazi ambayo kaka yake Eliabu alikuwa ametoka kuidharau mbele ya watu, Daudi aliichukua akaonyesha kwamba ndiyo inayojibu tatizo lililo mbele ya mfalme. Sauli akamwambia aende.

Wewe wanakuona umechelewa, yeye walimwona amewahi. Lakini dawa ni ileile.

Kabla sijaendelea, tuseme ukweli kuhusu soko. Kampuni ya Andela ilianzishwa mwaka 2014 na baadaye ikafungua kituo Nairobi. Ilikuwa ikichagua vijana werevu, ikiwafunza kuandika programu, kisha ikiwaunganisha na kampuni za ng'ambo. Septemba 2019 ilitangaza kupunguza takriban wahandisi 400 wanaoanza kazi katika Nigeria, Uganda na Kenya. Sababu waliyoitoa ni kwamba wateja walitaka waliokomaa, na wanaoanza walikuwa wengi kuliko nafasi. Hiyo ilikuwa kabla ya korona. Novemba 2022 ikatoka ChatGPT, na leo kuna vyombo vinavyoandika programu ndogo kwa dakika chache. Kwa hiyo mtu anayeingia sokoni akisema tu "ninajua kuandika programu kidogo, nipeni nafasi" amechagua mlango mwembamba kuliko yote. Ninyi mna mlango mwingine.

Mnaoishi huku mnaijua Taasisi ya Utafiti wa Kahawa pale Ruiru. Mwaka 1985 ilitoa aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11, inayostahimili ugonjwa wa matunda na kutu ya majani. Mkulima aliyekuwa na mikahawa ya zamani hakulazimika kung'oa shamba lote. Angeweza kukata shina la zamani, kuacha machipukizi, kisha kupandikiza kijiti cha Ruiru 11 juu yake. Mzizi ni uleule wa zamani. Umeshazama, unaujua udongo, unajua maji yako wapi. Kwa sababu ya mzizi huo, mti huzaa mapema kuliko mche mpya uliopandwa leo.

Mpendwa, digrii yako ni kijiti. Miaka yako 15 ni mzizi. Acha kuung'oa.

Sasa tushuke kwenye kazi yenyewe. Nitafuata hatua za Daudi.

1. WAACHE KONDOO NA MTUNZAJI

Mstari wa 20 unasema Daudi aliamka mapema, akawaacha kondoo kwa mtunzaji, ndipo akaenda. Eliabu alipomfokea kwamba ametelekeza kondoo, alikuwa anasema uongo. Kondoo walikuwa na mtu.

Je, kondoo wako wana mtu? Kaa na mwenzako, mwandike kwenye karatasi moja: kodi, karo, chakula, nauli, stima, bando la intaneti, mkopo wa SACCO. Kisha muulizane, tuna miezi mingapi? Kama ni miwili, usiache kazi uliyonayo. Tafuta ukiwa ndani. Kama ulishaachishwa, tafuta kibarua cha kushika nyumba, hata cha nusu siku, na usikionee haya. Mtu anayetafuta kazi akiwa na hofu ya mwenye nyumba hukubali chochote, na hofu hiyo huonekana usoni mwake kwenye mahojiano.

Mkubaliane pia kuhusu saa. Kutafuta kazi ni kazi. Chagua saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla watoto hawajaamka, ama saa zenu nyingine, na mwenzako ajue kwamba wakati huo huchezi na simu. Ndoa nyingi haziumizwi na ukosefu wa kazi peke yake. Zinaumizwa na ukimya, mmoja akidhani mwenzake amekata tamaa na mwingine akidhani anahukumiwa. Mwambie umefika wapi kila Jumamosi. Dakika kumi zinatosha.

2. TAJA SIMBA WAKO NA DUBU WAKO

Chukua daftari. Andika matatizo kumi uliyokutana nayo katika kazi ya zamani ambayo yalirudi kila wiki. Hao ndio simba.

Wewe wa SACCO, unajua kinachotokea mwanachama akituma pesa kwa Paybill akakosea nambari ya akaunti. Unajua pesa hizo hukaa bila mwenyewe hadi aje kugonga meza. M-Pesa ilianza Machi 2007, na umekuwa ukilinganisha hesabu zake miaka yote hiyo. Mwaka 2017 Safaricom ilifungua Daraja, mfumo unaomwezesha mwandishi wa programu kuunganisha kazi yake na M-Pesa, na ndani yake kuna mahali pa majaribio ambapo hugusi pesa ya mtu. Jenga hapo. Tengeneza programu inayopokea malipo, inayotambua akaunti iliyokosewa na kuiweka kando ishughulikiwe, na isiyoandika malipo mara mbili taarifa ileile ikiletwa mara mbili. Kijana aliyetoka chuoni juzi anaweza kuandika ile sehemu ya kupokea. Lakini swali la "je, taarifa ikija mara mbili?" huulizwa na mtu aliyewahi kukaa ofisini hadi saa tatu usiku kwa sababu hesabu imekataa kulingana.

Wewe muuguzi, unajua mgonjwa mmoja anaweza kuwa na faili tatu kwa sababu kila akija majina yake yanaandikwa kwa mpangilio tofauti. Unajua stima hupotea katikati ya zamu na dawa bado lazima itolewe. Wewe mwalimu, unajua karo hulipwa kwa vipande, kimoja na baba, kimoja na shangazi, kimoja na basari, na mzazi akija anataka jibu moja. Wewe wa ghala, kutoka huko Tatu City hadi barabara ya Eastern Bypass kumejaa maghala na viwanda, na wewe ndiye unayejua kwa nini mzigo ulio kwenye kompyuta na ule ulio kwenye rafu havifanani.

Kuna kampuni zinazotengeneza mifumo ya hospitali, ya shule, ya SACCO, ya maghala. Zina vijana wanaojua kompyuta kukuzidi. Zinatafuta kwa shida mtu anayejua kompyuta na pia anajua zamu ya usiku. Na kazi zenyewe ni nyingi zaidi ya kuandika programu. Kuna kuipima kabla haijatoka, kuna kukaa na wateja kujua wanachohitaji kabla haijaanza kujengwa, kuna kuwafundisha watumiaji na kupokea malalamiko yao. Hiyo yote ni milango ya nyumba ileile. Tena usimsahau mwajiri wako wa zamani. Ana idara ya kompyuta, na mle ndani tayari wanajua kwamba wewe si mwizi.

Mwajua jina la Ushahidi. Januari 2008, nchi ikiwaka baada ya uchaguzi, Ory Okolloh, ambaye alisomea sheria, aliandika kwenye blogu yake akiwaomba wanaojua kompyuta wasaidie kuweka matukio ya vurugu kwenye ramani. Waliojua kuandika programu wakajitokeza, ikawa mfumo uliotumika baadaye katika nchi nyingi duniani. Kazi ile ilianza na mtu aliyelijua tatizo. Wewe una vyote viwili, tatizo na chombo. Mbona unaficha kimoja?

3. VUA SILAHA ZA SAULI

Sauli alimvika Daudi mavazi yake ya vita. Daudi akajaribu kutembea, akayavua. Alisema hajayajaribu.

Nimeona CV zenu, kwa sababu mnaniletea niziombee na macho yangu huona. Mtu ameorodhesha lugha 14 za kompyuta. Ukimuuliza ya tisa, anaangalia chini. Hayo ni mavazi ya Sauli. Chagua lugha moja, iwe Python, JavaScript ama Java kulingana na kazi unazolenga, uijue hadi mifupa. Ongeza ujuzi wa hifadhidata, kwa maana mifumo mingi ya kazi zetu ni kumbukumbu za watu na pesa. Jua kutumia Git, ambayo huweka historia ya kila badiliko ulilofanya, kwa sababu utafanya kazi na wenzako na hamwezi kutumiana faili kwa WhatsApp. Hivyo vitatu ukivijua sawasawa vinatosha kuanza.

Na vile vyombo vya akili bandia, vitumie. Sisemi ni dhambi. Lakini usiweke kwenye kazi yako mstari ambao huwezi kuueleza. Anayekuhoji atakuonyesha mstari mmoja na kuuliza kwa nini uko pale. Ukikosa jibu, hataamini hata ile mistari uliyoiandika kwa jasho lako.

4. NENDA NA KAZI ILIYOKAMILIKA

Kazi moja iliyokamilika inashinda kumi za nusu. Chagua simba mmoja kwenye daftari lako, jenga programu inayomaliza tatizo hilo, iweke GitHub ambapo mtu yeyote anaweza kuiona, na uandike ukurasa mmoja wa maelezo: tatizo ni nini, nani huumia nalo, umelitatua vipi, na nini bado hakijakamilika. Hilo la mwisho usiliruke. Mtu anayejua mipaka ya kazi yake ndiye aliyekomaa. Kisha mpe mtu mmoja halisi aitumie, hata kama ni mwenye duka hapo karibu na kwako. Atakachokulalamikia kitakufundisha kuliko video kumi.

Tahadhari moja. Usitumie majina na nambari za simu za wagonjwa, wanafunzi ama wanachama wa kweli kwenye mazoezi yako, hata kama bado unayo kwenye laptopu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na kabla ya sheria kuna uaminifu. Tunga majina ya bandia. Mwajiri akiona umemwaga siri za mwajiri wa jana, anajua kesho ni zamu yake.

5. ANDIKA CV YA MTU MZIMA

Kurasa mbili zinatosha. Toa dini, toa hali ya ndoa, toa nambari ya kitambulisho, toa alama za KCPE za 1997. Zinatafuta nini hapo? Juu kabisa weka sentensi mbili zinazosema mzizi na kijiti: kwamba wewe ni mwandishi wa programu mwenye miaka 12 ndani ya SACCO, na umejenga mfumo wa kulinganisha malipo ya simu, huu hapa. Kisha kazi za zamani, kila moja ikiwa na tatizo ulilotatua. "Nilihudumia wateja" haimwambii mtu kitu. Sema ulisimamia watu wangapi, uliokoa nini, ulibadilisha utaratibu gani.

Umri usidanganye wala usiutangaze. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 27, imekataza ubaguzi, na umri umetajwa humo. Anayekunyima kazi kwa sababu ya mvi anakosea, na ni haki kusema hivyo. Lakini usiingie kwenye mahojiano ukiwa umebeba kesi. Ingia umebeba kazi.

Ukishatuma, weka hesabu kwenye daftari: tarehe, kampuni, nafasi, jibu. Umetuma maombi 20 na hakuna aliyepiga simu? Tatizo liko kwenye CV, ama unaomba nafasi zisizokufaa. Umeitwa mara tano na kila mara unaishia hapo? CV ni nzuri, fanya mazoezi ya mahojiano. Bila daftari utasema tu kwamba kuna mkono wa mtu. Mara nyingine mkono wenyewe ni wa ile CV.

6. JIFUNZE KUSEMA KWA MDOMO

Mahojiano ya kazi hizi yana mtihani. Utapewa swali dogo na kuambiwa ulitatue huku ukieleza unavyofikiri. Wengi wenu mnaweza kulitatua kimya. Mkianza kueleza, mnanyamaza, kwa sababu kazi za zamani zilitufunza kwamba mkubwa akiwa mbele hufikiri kwa sauti. Fanya zoezi moja kila siku kwa karatasi na kalamu, ukisema kwa sauti kila hatua. Mweleze mtoto wako wa sekondari. Akikuuliza "kwa nini?", shukuru.

Na jiandae kwa swali ambalo wataliuliza waziwazi ama kwa macho: utakubali kuongozwa na mtu wa miaka 26? Usijibu na kiburi, usijibu pia kwa kujidhalilisha. Sema umewahi kufanya kazi chini ya watu na juu ya watu, na unachotaka ni kazi ifanyike vizuri. Kisha ishi hivyo. Ukimwita bosi wako "kijana wangu" siku ya kwanza, umejifukuza mwenyewe.

Tena uliza malipo. Daudi aliuliza, mstari wa 26 uko hapo, kabla hajaomba kwenda vitani. Jua nyumba yako inahitaji kiasi gani. Inawezekana mshahara wa kwanza ukawa chini ya ule ulioacha. Ndiyo maana nilisema mhesabu miezi kwanza. Kukubali kushuka kwa mwaka mmoja mkiwa mmepanga ni tofauti na kushushwa bila kujua.

7. ENDA KWA WATU

Kazi nyingi hupitia mtu kabla ya kufika kwenye tangazo. Waandikie wenzako mliohitimu pamoja. Mwandikie yule mlifanya naye kazi, akahama. Usimwombe kazi. Mwombe dakika 15 akueleze kampuni yao inatafuta mtu wa namna gani, na umwonyeshe kazi yako. Nenda kwenye mikutano ya waandishi wa programu Nairobi, hata kama utakuwa mkubwa kuliko wote ukumbini. Kaa mbele, uliza swali, ondoka na majina mawili.

SASA JUU YA WAKORA, WA MTAANI NA WA MADHABAHUNI

Anayekuitisha pesa ili akupe kazi, iwe ni ya fomu, ya uchunguzi wa afya ama ya "mafunzo ya lazima", ni mkora. Kampuni inayokuajiri ndiyo inayokulipa. Funga simu.

Na aliye madhabahuni akikuambia upande mbegu ya shilingi elfu kumi ndipo barua ya kazi itoke, ninasema hivyohivyo. Sadaka mtolee Mungu kwa moyo wa shukrani. Lakini hakuna mhubiri aliye na funguo za ofisi ya kampuni yoyote Westlands. Elfu kumi hiyo ni bando la miezi, ni nauli ya mahojiano kadhaa. Mtu asiye na kazi akichukuliwa pesa kwa jina la kazi, ameibiwa, na mwizi kuvaa suti hakubadilishi jambo.

NENO KWA SISI KANISA

Hapa nawageukia wengine wote. Sisi tunaomba sana na kusaidia kidogo. Nina mambo matatu.

Kwanza, tuache kuwauliza ndugu hawa kila Jumapili "umepata?" Wakipata tutajua. Waulize "unajenga nini sasa?" Hilo ni swali linaloinua.

Pili, wazee wa kanisa na ninyi wenye biashara, mnaajiri watu kila mwaka. Mpeni mtu huyu nusu saa mkamhoji kana kwamba ni kweli, kisha mmwambie bila kumficha alipoanguka. Msaada huo haununuliwi dukani. Na jengo la kanisa linakaa wazi Jumatatu hadi Ijumaa, na stima ipo na intaneti ipo. Mwenye nyumba ya chumba kimoja na watoto watatu anahitaji meza tulivu kuliko anavyohitaji khanga ya zawadi.

Tatu, na hili litawauma wengine. Tuache kuwafanyisha kazi bure kwa jina la utumishi. Mtu akishahitimu kompyuta tu, tunamtaka atengeneze tovuti ya kanisa, mfumo wa zaka, rekodi ya washirika, na malipo yake ni makofi. Fundi wa mabati tunamlipa. Aliyepaka rangi tunamlipa. Mfanyakazi anastahili ujira wake, nasi tumelihubiri hilo tukimaanisha wachungaji. Kama kanisa linahitaji mfumo, tukubaliane bei, hata ndogo, tumpe barua ya kazi na tarehe ya kumaliza. Hapo tumempa vitu viwili, pesa ya unga na kazi ya kuonyesha yenye mteja wa kweli.

KABLA YA JUMAPILI

Fanya jambo moja tu. Andika simba wako na dubu wako kwenye daftari, kumi kamili. Usiandike digrii, usiandike lugha za kompyuta. Andika matatizo uliyopambana nayo miaka ile uliyodhani imepotea. Kisha chagua mmoja na useme, huyu ndiye nitakayemjengea programu. Hapa chini kwenye maoni andika kazi uliyokuwa ukiifanya kabla ya digrii. Usitaje mwajiri, taja kazi tu. Nataka aliyekuwa muuguzi amwone muuguzi mwenzake, na mwenye kampuni aliye kimya kwenye ukurasa huu aone tuna watu wa namna gani hapa Membley.

Tuombe. Bwana, wakumbuke watoto wako waliorudi darasani wakiwa na majukumu mabegani. Wape nguvu ya kuamka mapema, wape wenzi wenye subira, wape macho ya kuona kwamba miaka yao ya malishoni haikupotea. Waondolee haya ya umri. Na siku watakaposimama mbele ya anayewahoji, wawe na la kusema, na liwe kweli. Katika jina la Yesu, Amina.

Kama kuna mtu unayemjua anayepitia hili, mtumie ujumbe huu leo usiku. Usimwambie "jipe moyo" peke yake. Mwambie uko tayari kumhoji kwa mazoezi Jumamosi, na umtajie saa.